Usinyamaze Kitandani

Wapendwa, fungueni Injili ya Marko, sura ya 5. Yule mama aliyetokwa na damu miaka 12 tunamfahamu wote. Tumemhubiri sana kwa imani yake, jinsi alivyopenya katikati ya umati mpaka akaligusa vazi. Lakini Marko ametaja jambo jingine kabla ya hapo, na mimbari zetu hulipita mbio: mama huyu alikwisha kupita mikononi mwa matabibu wengi, akateseka mikononi mwao, mali yake yote ikaishia huko, na badala ya kupata nafuu akazidiwa. Maandiko hayakuona haya kulisema. Mtu anaweza kwenda kutafuta uzima akarudi na maumivu ambayo hakwenda nayo.

Ndugu zangu, sikuja kumchafua daktari. Nimekuja kusema na wewe uliyelala kitandani, na wewe uliyekaa kwenye benchi la nje na chupa ya uji mkononi, unasubiri saa ya kuona wagonjwa. Tunakufa kwa magonjwa, ni kweli. Tunakufa pia kwa makosa, na mengi ya makosa hayo yangezuilika kama mtu mmoja tu angefungua kinywa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, huduma zisizo salama hospitalini huleta matukio ya madhara milioni 134 kila mwaka, na vifo vinavyotokana nayo hufika milioni 2.6. Hawa hawakuzidiwa na ugonjwa waliokwenda nao. Walidhurika walipokwenda kutibiwa.

Mnakumbuka Novemba 2007? Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza moja walipelekwa chumba cha upasuaji. Mmoja alikuwa na tatizo la kichwa, mwenzake la goti. Wa kichwa akapasuliwa goti. Wa goti akafunguliwa fuvu. Yule wa kichwa akafariki. Nchi nzima ilishika tama, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu. Ilipofika Februari 2018, mkasa wa namna ileile ukawapata jirani zetu katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Mgonjwa mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo na alitakiwa kupasuliwa. Mwingine alikuwa na uvimbe tu, wala hakuhitaji kisu. Vitambulisho vikapishana. Madaktari walikwisha kufungua fuvu na kufanya kazi kwa saa kadhaa ndipo walipogundua kwamba damu waliyokuwa wakiitafuta haipo. Mgonjwa siye.

Nisikilizeni vizuri hapa. Hakuna mahali katika mikasa hiyo miwili ambapo ujuzi ulipungua. Mikono iliyofungua mafuvu yale ilisomea kazi hiyo miaka mingi. Taa zilikuwepo, dawa za usingizi zilikuwepo, wauguzi walikuwepo. Kilichokosekana ni kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza anakiweza: jina kamili kutajwa kwa sauti, na mtu wa pili kulilinganisha na kilichoandikwa.

Na dawa ya kosa hili inajulikana, tena imepimwa hapa kwetu. Kuanzia Oktoba 2007, hospitali nane katika miji nane ya dunia zilishiriki katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani. London ilikuwemo. Toronto ilikuwemo. Na Ifakara yetu, kule Kilombero, ilikuwemo, kupitia Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Walichojaribu ni orodha ya mambo 19, inayoenea kwenye ukurasa mmoja, ambayo husomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Mgonjwa athibitishe yeye ni nani na anafanyiwa nini. Mahali pa kupasua pawe pamewekwa alama. Aleji yake itajwe. Kila aliyemo chumbani, kuanzia bingwa mwenyewe, ataje jina lake na kazi aliyokuja kufanya. Mwisho, sindano, vifaa na vitambaa vihesabiwe, kisije kikasahaulika kitu tumboni mwa mtu. Matokeo yalipotolewa Januari 2009, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Karibu nusu ya vifo vimeondoka, na sehemu kubwa ya dawa yenyewe ni karatasi moja na sauti za watu!

Sasa niambie. Ikiwa daktari bingwa anatakiwa ataje jina lake mbele ya watu anaofanya nao kazi kila siku, wewe unayelazwa mezani unaona haya gani kutaja la kwako?

Haya tunayo, na tumelelewa nayo. Tukipeleka gari kwa fundi tunasimama pembeni yake, tunauliza anafungua nini, tunadai ile spea mbovu tuione kwa macho. Tukipeleka mwili wetu wenyewe, tunainamisha kichwa na kusema, "Ndiyo, dokta." Tunaogopa kuitwa wajuaji. Tunaogopa nesi akichukia leo, usiku dripu ikiisha nani atakuja? Hofu hiyo naijua, wala siidharau, maana wapo kweli watumishi wenye maneno makali. Lakini adabu na kuuliza hazijawahi kugombana. "Sista, samahani, hii sindano ni ya nini?" Hapo kuna tusi gani? "Daktari, naomba unieleweshe tena, sijaelewa." Ni nani aliyefukuzwa wodini kwa maneno hayo? Muuguzi aliyekesha peke yake na wodi nzima amechoka, macho yanamuuma, na mafaili yamefanana. Ukimwuliza, umemsaidia asije akaua bila kukusudia.

Kwa hiyo anza na jina. Taja majina yako matatu, lako, la baba na la babu, na mwaka wako wa kuzaliwa, kila unapopokewa na mtu mpya. Katika wodi moja kuna akina Neema wangapi? Akina Juma je? Usiitikie tu jina uliloitwa, maana mtu mwenye homa na usingizi huitikia lolote. Litamke wewe mwenyewe, kisha useme kilichokuleta: "Nimekuja kufanyiwa upasuaji wa goti la kushoto." Ukifungwa kitambulisho mkononi, kisome. Kama herufi hazipandi machoni, mpe mwenzako akusomee. Na siku ya upasuaji, kabla hujapewa chochote cha kukulaza, omba sehemu inayopasuliwa iwekwe alama kwa kalamu ya wino ukiwa macho, ukishuhudia. Hilo limo katika taratibu zao wenyewe. Hujawaongezea mzigo.

Ukiongezewa damu, usifumbe macho kabla hujasikia. Utaratibu unataka watu wawili walinganishe jina lako, namba yako ya faili na grupu lako la damu na yale yaliyoandikwa kwenye chupa. Waombe wasome kwa sauti. Damu isiyolingana huweza kuua hata kabla haijafika nusu chupa.

Tuje kwenye dawa, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojeruhiwa, hata sisi ambao hatujawahi kulazwa.

Umetoka kwa daktari, umesimama kwenye foleni ya dirisha la dawa. Zamu yako imefika. Mkono unatoka dirishani na vifuko viwili vidogo vya nailoni, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu. Kimoja 2x3. Kingine 1x2. Basi. Hakuna jina la dawa, hakuna jina lako, na foleni inakusukuma kwa nyuma. Unafika nyumbani, mtoto anauliza, "Mama, hizi za njano ni za nini?" Hujui. Baada ya siku mbili mwili unaanza kuwasha, midomo inavimba, unakimbizwa kituo kingine usiku. Daktari wa zamu anauliza swali moja tu: umemeza dawa gani? Unamwonyesha 2x3. Amefungwa mikono. Anakutibu kwa kubahatisha, na kubahatisha kwake ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza.

Usitoke dirishani bila jina la dawa! Simama hapohapo. "Ndugu yangu, naomba uniandikie jina la dawa kwenye kifuko." Foleni itaguna, iache igune. Uliza inatibu nini, inaliwa kabla ya chakula au baada ya chakula, kwa siku ngapi, na dalili gani ukiziona uache kumeza na urudi. Kama unaumwa vidonda vya tumbo, sema kabla hujachomwa sindano ya kutuliza maumivu, kwa sababu zipo dawa za maumivu, diklofenaki ikiwa mojawapo, zinazoweza kulitoboa tumbo lenye vidonda likavuja damu. Kama ulishawahi kubabuka kwa dawa za salfa, sema kila unapokwenda, hata kama ulisema mwezi uliopita, hata kama limeandikwa kwenye faili, maana faili hupotea. Kama una mimba changa ambayo hata mumeo hujamwambia, mwambie daktari. Kama unatumia miti shamba, usiifiche kwa kuogopa kugombezwa. Anayekugombeza ukiwa hai amekufanyia hisani.

Na wazazi wetu wenye presha na sukari! Huyu anameza dawa za hospitali ya wilaya, kisha za duka la dawa la mtaani, kisha za bingwa aliyekuja na kambi ya matibabu, na hakuna kati ya hao watatu anayejua wenzake wameandika nini. Unakuta dawa moja ameipata mara mbili kwa majina mawili tofauti. Mpeleke mama yako kliniki na mfuko mzima wa dawa zake, umwage mezani, uombe zikaguliwe moja moja.

Wako wasioweza kusema. Aliyezimia, mtoto mchanga, mzee aliyechanganyikiwa, mama aliye kwenye uchungu. Hao mdomo wao ni wewe unayewasindikiza. Usimpeleke mgonjwa na mtu mwoga. Mpeleke na yule shangazi asiyeogopa kuuliza mara ya tatu.

Nalisema hili kwa ajili ya mama zetu hasa. Kutokwa na damu baada ya kujifungua kumeua wanawake wengi kuliko tunavyopenda kukumbuka, na damu ile haipigi kelele. Hushuka kimyakimya, kwenye shuka, chini ya mgongo. Huko Kigoma, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, watafiti walijifunza kutoka kwa wakunga wa jadi kipimo ambacho kila nyumba inacho: kanga. Kanga mbili zikilowa chapa, damu iliyotoka imevuka nusu lita, na nusu lita ni mpaka wa hatari. Wakunga wale wakafundishwa kutoa dawa mara tu kanga ya pili ikilowa. Na mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliozihusisha Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: mama akiwekewa chini yake karatasi ya nailoni yenye alama za vipimo, damu ikaonekana mapema na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja bila kusubiriana, visa vya kutokwa na damu nyingi kupita kiasi, au kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu hiyo, au kufa kwayo, vikijumlishwa hupungua kwa asilimia 60. Dawa ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu ameiona damu mapema na hakungoja.

Basi wewe mama mkwe, wewe wifi, wewe mume unayeruhusiwa kuingia, tazama kanga. Ukiona imelowa, ita. Wakikwambia subiri, hesabu ya pili. Ya pili ikilowa, ita kwa sauti mpaka mtu aje. Mkumbukeni Bartimayo pale kando ya barabara ya Yeriko. Watu walimkemea anyamaze, wengi, tena watu wa dini waliokuwa wakifuatana na Bwana. Akazidi kupaza sauti. Angewatii angebaki kipofu. Na Yesu aliposimama, alimwuliza anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na kila mtu. Alimtaka aseme mwenyewe. Ni tabibu gani basi aliye mkubwa kuliko huyo, hata asimwulize mgonjwa wake?

Fomu ya ridhaa usiisaini kama unasaini risiti. Uliza: naumwa nini hasa, mnataka kunifanyia nini, atakayenipasua ni nani, hatari zake ni zipi, nisipofanya itakuwaje, na je, ipo njia nyingine? Isipokuwa ni dharura ya kufa na kupona, una haki ya kwenda kuomba maoni ya daktari mwingine, na daktari anayejiamini hakasiriki kwa hilo. Akikasirika, umepata sababu ya pili ya kwenda.

Vishoka, hao wanaojiita madaktari na sio, nawagusa kwa ufupi tu, maana dhambi yao iko wazi. Ndugu zetu Waislamu wanayo hadithi katika Sunan ya Abu Dawud, ya kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, hubeba mwenyewe dhamana ya madhara atakayoyaleta. Ni neno la haki kwa kila dini. Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya wana Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kuuliza kama mtu amesajiliwa ni haki yako. Anayekutoa mimba au kukuchoma sindano chumba cha nyuma cha duka hatakutajia namba yake ya usajili, kwa kuwa hana.

Sasa nimefika mahali panapouma. Kosa likitokea, mtu akifa, sisi watu wa imani ndio wa kwanza kulifukia. Tunasema ni mapenzi ya Mungu. Tunaosha mwili, tunazika upesi, tunafunga matanga, na wiki inayofuata mtu mwingine analala kwenye kitanda kilekile, anapewa dawa ileile na mkono uleule usiosahihishwa. Nawasihi, msiandike jina la Mungu juu ya uzembe wa mwanadamu! Si kila kifo hospitalini ni kosa. Wengi hufa wakiwa wamehudumiwa vizuri kabisa, na ni dhambi kumsingizia daktari aliyepigana usiku kucha. Lakini hutajua ni kipi kati ya hivyo viwili mpaka uulize. Kuuliza hakumpingi Mungu. Wala usimpige nesi, usivunje vioo. Aliyemjeruhi mtumishi wa afya amewatisha na wema waliobaki.

Andika. Siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijapoa: saa ngapi mlifika, nani alimwona mgonjwa, alipewa nini, mlimwita nani na akajibu nini. Tunza kila cheti, kila risiti, kila kifuko cha dawa. Omba nakala ya taarifa za matibabu kwa maandishi. Kama sababu ya kifo haieleweki, omba uchunguzi wa maiti kabla ya kuzika, ingawa najua uzito wake kwenye familia. Anza kwa mganga mfawidhi wa kituo. Usiporidhika, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kama ni utendaji wa daktari, peleka malalamiko kwenye baraza lake. Kama ni muuguzi au mkunga, nenda kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukitaka kwenda mahakamani, usilale: Tanzania na Kenya, madai ya uzembe kwa kawaida yana ukomo wa miaka mitatu. Ukitaka kuishtaki Serikali ya Tanzania ni lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Kenya, dai la uzembe dhidi ya Serikali lina muda mfupi zaidi, miezi 12. Wengi wenye haki yao wameikosa kwa sababu walikwenda kwa wakili wakiwa wamechelewa.

Na ninyi watumishi wa afya mnaosoma haya, najua mnavyofanya kazi. Najua zamu zenu. Mgonjwa akiwauliza, msimwone adui. Mwenzenu akikosea, msimfiche faili.

Yule mama wa Marko 5 alipoponywa alitaka kuondoka kimyakimya. Bwana hakumruhusu. Alimtafuta kwa macho mpaka akajitokeza, akitetemeka, akasema habari yake yote mbele ya watu. Naye alikuwa na hofu kama uliyonayo wewe.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, chukua karatasi. Andika majina yako matatu na mwaka wa kuzaliwa, grupu lako la damu kama unalijua, magonjwa uliyonayo, majina ya dawa zote unazomeza, dawa zinazokudhuru, upasuaji uliowahi kufanyiwa, na namba ya simu ya mtu atakayesema kwa niaba yako ukishindwa kusema. Tengeneza nakala mbili: moja ikae kwenye pochi yako, ya pili mpe mtu huyo. Kisha mwandikie ya kwake mama yako.